Karatasi juu ya altare au mikono ndani ya mikono: nadhiri ya Benedikto na nadhiri ya Fransisko, ipi inakuita?

Mpwa wangu kamaliza form six mwaka huu na juzi jioni alinifuata na barua mbili mkononi, moja ya wamonaki Wabenedikto inamwalika kwenye siku za "njoo uone" na nyingine ya Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko inamwalika hivyo hivyo, akavuta kigoda pale nje akaniambia, mjomba mi hapa nimekwama, wote watawa, wote wanaweka nadhiri, wote wanasema useja ufukara na utii, tofauti naiona ni rangi ya kanzu tu, hawa nyeusi hawa kahawia, sasa nachaguaje? Tuliongea mpaka mama yake akapiga simu kuuliza kama analala kwangu. Nilivyobaki peke yangu nikaona niyaandike yale tuliyoongea pamoja na yale niliyosahau kumwambia, maana najua kuna vijana wengi wana barua kama hizo ila mtu wa kuwaelezea hawampati, wanaishia kuchagua kwa sababu ya padre waliyemzoea au nyumba iliyo karibu na kwao.

Niseme kabisa nimesimama wapi. Mimi zamani nilikaa kwa wamonaki, nikafika mpaka unovisi, yani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, nikatoka kabla ya nadhiri kwa amani kabisa, nikaoa, na leo ni mwoblati wa Mtakatifu Benedikto, yani mlei aliyeungana na monasteri kwa ahadi. Kwaiyo upande mmoja naujua kwa kuuishi na upande wa pili naujua kwa kusoma na kwa marafiki, na ukiona nimekaa muda mrefu kwa Benedikto ujue ndo sababu.

Kitu cha kwanza nilichomwambia, usichague kwa kuangalia kazi. Vijana wengi ndo wanapoanzia hapo, wanasema hawa wana hospitali, hawa wana shule, hawa wana parokia. Kiukweli kwa hapa kwetu kazi haziwatofautishi. Wabenedikto walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 wamejenga hospitali, mashule, karakana na viwanda vya kuchapa vitabu, alafu Wakapuchini, ambao ni tawi la Fransisko, walipokuja kutoka Uswisi mwaka 1921 kuchukua misheni ya Dar es Salaam nao wakafanya parokia, shule na zahanati. Kazi zinabadilika, leo uko shambani kesho uko ofisini, ila kile ulichomwambia Mungu siku ile mbele ya watu hakibadiliki, kwaiyo kisome hicho kwanza.

Na hapa inabidi turudi nyuma kidogo, nadhiri yenyewe ni nini. Ukisoma Biblia nadhiri nyingi za kale zina neno "kama" ndani yake. Yakobo pale Betheli anasema Mungu akiwa pamoja nami, akinilinda njiani, akinipa chakula na nguo, ndipo Bwana atakuwa Mungu wangu. Naye mama Hana, mke wa Elkana, analia hekaluni mpaka kuhani Eli anamdhania mlevi, anasema ukinipa mtoto wa kiume nitamtoa kwako Bwana siku zote za maisha yake. Hizo ni nadhiri halali kabisa, na hata bibi zetu wamewahi kuweka za namna hiyo, mtoto akipona nitafanya hivi, nitafunga, nitatoa kitu fulani. Kiswahili chetu kinasema mtu anaweka nadhiri alafu anaiondoa, akishatimiza imeondoka, amemaliza. Kitabu cha Mhubiri nacho kinaonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe.

Nadhiri ya mtawa haina "kama". Hamwambii Mungu ukinipa hiki nitakupa kile, anasema nimekuja, basi. Na kwa sababu haina sharti haina pia siku ya kuiondoa, unaiondoa kwa kuishi mpaka siku unayozikwa. Mi naona hapo ndo penye kina cha jambo lote: mama Hana alimtoa mwanae Samweli, mtawa anajitoa mwenyewe, na hajui atakachoombwa mwakani wala miaka 30 ijayo. Benedikto na Fransisko wote wawili wanakubaliana hapa. Wanapoachana ni kwenye swali la pili, nijitoe NAMNA gani.

Tuanze na Benedikto. Kazaliwa Nursia huko Italia mwaka 480 hivi, kapelekwa Roma kusoma, akaona maisha ya kule akaondoka, akakaa pangoni Subiaco miaka mitatu, na kama mwaka 529 akaanzisha monasteri ya Monte Cassino juu ya mlima kati ya Roma na Napoli. Angalia wakati wake, dola ya Roma upande wa magharibi imeshaanguka, vita haviishi, watu wanahama hama, hakuna kitu kinachosimama. Hata wamonaki wenyewe wengine walikuwa wanazurura, na kwenye sura ya kwanza ya Kanuni yake, yani kitabu cha sheria alichowaandikia wamonaki, anawaelezea waziwazi, watu wa kukaa siku 3 au 4 kwenye nyumba hii alafu wanahamia nyumba nyingine, maisha yao yote, hawatulii kamwe, wanatumikia matakwa yao na tumbo lao. Ugonjwa wa wakati ule ulikuwa kutotulia, na dawa aliyotoa ni neno moja: kaa.

Ndo maana mmonaki wa Benedikto ukimsikiliza siku ya nadhiri hataji zile tatu tulizozizoea. Anaahidi kudumu, anaahidi kuongoka kwa mwenendo wake, na anaahidi utii. Kudumu maana yake ni kwamba anajifunga kwa monasteri HII, na ndugu HAWA, mpaka kufa. Useja na ufukara vimo ndani ya lile la kuongoka, havikutajwa kwa jina maana mtu hawezi kuishi kimonaki bila hivyo.

Sura ya 58 ya Kanuni inaeleza jinsi ya kumpokea mtu na mi naipenda sana, nimeisoma sijui mara ngapi. Mtu akija asifunguliwe kirahisi. Apige hodi, asipokelewe vizuri, na akivumilia siku 4 au 5 bado yupo mlangoni anaomba, ndo aingizwe nyumba ya wageni siku chache, alafu kwa wanovisi. Baada ya miezi 2 anasomewa Kanuni yote mwanzo mpaka mwisho anaambiwa, hii ndo sheria unayotaka kuitumikia, ukiweza kuishika ingia, usipoweza uko huru nenda. Akibaki inapita miezi 6, anasomewa tena. Inapita miezi 4, anasomewa tena. Jumla miezi 12, na mpaka leo sheria ya Kanisa inadai unovisi usiopungua miezi 12. Ile Kanuni inasomwa mara tatu kwa mtu ambaye bado mlango uko wazi nyuma yake, hakuna anayedanganywa.

Alafu siku yenyewe. Anaandika ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi, asiyejua kuandika anaandikiwa na mwenzake na yeye anaweka alama. Anaibeba mwenyewe mpaka altareni, anaiweka juu kwa mkono wake, alafu anaimba ule mstari wa Zaburi 119 aya ya 116, unipokee ee Bwana kama ulivyosema nami nitaishi, usiniaibishe katika tumaini langu. Anaimba mara tatu, na kila akiimba jumuiya nzima inarudia. Nimehudhuria nadhiri hizi mara kadhaa na nakwambia sauti ya kijana mmoja peke yake alafu sauti za wazee 40 zikimjibu kwa maneno yale yale, wengine walishayaimba miaka 50 nyuma, ni kitu cha kukutoa machozi hata kama ulienda kumsindikiza mtu tu. Baada ya hapo, kwa mujibu wa ile sura, anajilaza miguuni kwa kila ndugu mmoja mmoja kuomba amwombee.

Na kuna kipande cha mwisho ambacho wengi hawakijui. Nguo alizokuja nazo zinatunzwa chumba cha nguo, ili siku akija kushawishika kuondoka, avuliwe za monasteri apewe zake aende. Ila ile karatasi aliyoiweka altareni hapewi, inabaki monasterini. Mi nimelitafakari hili miaka mingi. Mtu anaweza akaondoka, hamna wa kumfunga kamba, lakini neno alilompa Mungu haliondoki nae, linabaki pale mahali linamngoja. Na sura ya 29 inasema akirudi apokelewe mpaka mara ya tatu.

Sasa faida ya kukaa ni nini kiroho? Benedikto anafananisha kazi ya roho na ufundi, ana orodha ndefu ya vifaa, mpende Mungu, usiweke kinyongo, usikate tamaa ya huruma ya Mungu, alafu anasema karakana ya kuvitumia vifaa hivyo vyote ni ndani ya monasteri na kudumu kwenye jumuiya. Fundi hawezi kufanya kazi karakana inahama kila wiki. Nikupe mfano niliouona mwenyewe. Kipindi niko kule kulikuwa na bruda mzee ambaye kwenye kusali zaburi alikuwa nyuma ya wenzake nusu neno, kila siku, mara kadhaa kwa siku, sisi vijana tukawa tunaumia kweli, tunasema kwanini hawamwambii. Miaka imepita nikarudi kufanya mafungo, nikamkuta yuko kiti kile kile, bado yuko nyuma nusu neno, ila sasa korasi nzima, yani wote wanaosali zaburi pamoja, imepunguza mwendo, wanamngoja, tena wanafanya hivyo bila hata kufikiria. Ndo nikaelewa kudumu ni nini. Yeye hakubadilika, wamebadilika wao, na hilo lisingewezekana kama kila mmoja angekuwa na ruhusa ya kuhamia korasi nyingine inayosali vizuri zaidi.

Monte Cassino yenyewe imebomolewa na wavamizi Walombardi karne ile ile ya 6, ikachomwa na wavamizi Wasaraseni mwaka 883, ikaangushwa na tetemeko mwaka 1349, ikapigwa mabomu ya ndege tarehe 15 Februari 1944 ikabaki kifusi, na wamonaki wako pale pale. Peramiho nayo ilichomwa wakati wa Maji Maji mwaka 1905, na leo ukienda kengele unaisikia.

Haya, Fransisko. Miaka 700 imepita, Italia imebadilika kabisa, sasa kuna miji yenye kuta, soko, pesa za sarafu zinazunguka, na baba yake Fransisko, Pietro Bernardone, ni mfanyabiashara wa vitambaa pale Asizi. Kijana kazaliwa 1181 au 1182, kakulia kwenye hela. Ugonjwa wa wakati wake haukuwa kuzurura, ulikuwa kumiliki. Na mwaka 1206 hivi mbele ya askofu na watu wamejaa, baba yake anamdai mali yake, Fransisko anavua nguo zote alizovaa anamrudishia, anasema tangu leo nitasema Baba yetu uliye mbinguni. Askofu akamfunika na joho lake.

Linganisha hapo. Kwa Benedikto nguo za zamani zinawekwa stoo, kwa Fransisko zinarudishwa kwa mwenyewe papo hapo na hakuna stoo. Ukiikumbuka tofauti hiyo moja tu umeshaelewa nusu ya habari.

Kanuni yake iliyopitishwa na Papa Honorius III tarehe 29 Novemba 1223 ina sura 12 tu, za Benedikto ni 73. Inaanza kwa kusema kwamba maisha ya Ndugu Wadogo ni kuishika Injili takatifu ya Bwana wetu Yesu Kristo, kwa kuishi katika utii, bila kuwa na kitu cha kwao, na katika usafi, yani useja. Sikiliza lile la katikati, bila kuwa na kitu cha kwao. Sura ya 6 inaeleza zaidi, ndugu wasijimilikishe chochote, nyumba wala mahali wala kitu chochote, wawe kama wasafiri na wageni katika dunia hii. WALA MAHALI. Yani kile kitu ambacho Benedikto anakufunga nacho mpaka kufa, Fransisko anakuambia kiachie.

Na usidhani walikuwa wanapingana. Lile kanisa dogo la Porsiunkula ambalo Ndugu Wadogo wote duniani wanaliita kwao lilikuwa mali ya Wabenedikto wa mlima Subasio, wakampa Fransisko alitumie. Yeye akakataa liwe lake, akawa anawapelekea kila mwaka kapu la samaki kama kodi, ili kila mwaka kila mtu akumbuke hapa si petu. Hata Klara, msichana wa Asizi aliyemfuata Fransisko, usiku ule alipotoroka kwao akaja kukatwa nywele Porsiunkula, alikopelekwa kulala ni kwa masista Wabenedikto. Mi kila nikifikiria lile kapu la samaki nafurahi moyoni, mmoja anakaa ili mwingine apate pa kupita.

Ufukara ndo penye utamu kwa hiyo tukae kidogo. Benedikto naye ni mkali, sura ya 33 inasema mmonaki asiwe na kitu chake binafsi hata kimoja, si kitabu si kalamu, na sura ya 55 inataja anavyopewa na abate ili asiwe na kisingizio: kanzu, viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, leso, vibao vya kuandikia. Ila monasteri yenyewe inaruhusiwa kuwa na kinu, bustani, maji, na inatakiwa iwe navyo vyote ndani, ili wamonaki wasiwe na sababu ya kutoka kuzunguka. Ufukara wake ni wa mtoto nyumbani kwao, hana kitu mfukoni ila chakula kipo mezani, anajifunza kuomba na kupokea. Ufukara wa Fransisko ni wa mtu wa njiani, hata nyumba yenyewe isiwe na akiba, kesho haijulikani. Askofu wa Asizi alimwambia maisha yenu naona ni magumu mno kutokuwa na kitu, Fransisko akamjibu kwamba tukiwa na mali tutahitaji silaha za kuilinda, na kutoka hapo zinakuja kesi na ugomvi wa kuzuia upendo wa Mungu na wa jirani.

Na kuna ile habari ya novisi aliyetaka awe na kitabu chake cha zaburi, akamsumbua Fransisko tena na tena. Fransisko akamwambia, ukishapata kitabu cha zaburi utataka kitabu cha sala kikubwa, ukishapata kikubwa utakaa kwenye kiti kama mkubwa wa kanisa uwe unamwambia ndugu yako niletee kitabu changu. Yani tatizo halikuwa karatasi, tatizo ni lile neno "changu" na neno "niletee" yanavyotembea pamoja. Simu yangu, ofisi yangu, gari la shirika ila funguo ninazo mimi. Ndugu wa leo wana akaunti benki na magari kama kila mtu na walibishana karne nzima juu ya jambo hili hadi mapapa wakaingilia, kwaiyo usiende ukitegemea kuwakuta wanalala nje, ila ukimkuta Mfransisko wa kweli utamjua kwa namna anavyokuachia kitu bila kukitazama mara ya pili.

Siku yake ya nadhiri nayo ni tofauti. Hana karatasi ya kuacha altareni kama msingi wa yote, anapiga magoti mbele ya mkubwa wake, anaweka mikono yake miwili ndani ya mikono ya yule, na hivyo hivyo, mikono ndani ya mikono, anamwahidi Mungu kuishi maisha yake yote katika utii, bila kitu chake, na katika usafi. Mmoja anakabidhi neno kwa mahali, mwingine anakabidhi mikono kwa mtu. Na kwenye kamba ya kiunoni kuna mafundo matatu ya kumkumbusha hayo matatu.

Utii wenyewe una sura tofauti pia, na hapa kijana angalia vizuri maana ndo utaishi nalo kila siku. Kwa Benedikto mkubwa anaitwa abate, maana yake baba, na kwa imani anashika nafasi ya Kristo monasterini. Neno la kwanza kabisa la Kanuni ni "sikiliza". Ila si baba wa kuburuza watoto, sura ya 3 inamwambia jambo kubwa likija aite wote wakae kikao, mpaka mdogo kabisa, maana mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora, na sura ya 68 inampa nafasi ndugu aliyeamriwa kitu kisichowezekana aeleze kwa upole kwanini hawezi. Kwa Fransisko wakubwa wanaitwa watumishi, alikataza mtu kuitwa mkuu, akasema waoshane miguu. Na mfano aliopenda ni wa mama, kama mama anamlea na kumpenda mwanae wa damu, si zaidi ndugu amlee ndugu yake wa kiroho? Kwaiyo kule kuna baba na familia yenye meza, huku kuna ndugu wanaoleana njiani. Mtu aliyekulia bila baba anaweza akavutwa na abate kwa nguvu sana, au akamwogopa kwa nguvu sana, na vyote viwili ni vizuri kuvijua mapema na kumwambia mlezi wako.

Useja sitakaa sana, kwa pande zote mbili ni ule ule, moyo usiogawanyika. Tofauti ndogo ninayoiona ni kwamba mmonaki anausindikiza na ukimya na ratiba, na ndugu anausindikiza na udugu na watu. Mkapera mwenye kazi nyingi si lazima awe mseja mtakatifu, hilo wote watakuambia.

Sasa kuchagua. Mpwa wangu nilipomaliza kueleza akasema basi mjomba mi ni Fransisko, napenda uhuru, kukaa sehemu moja siwezi. Nikamwambia hapo ndo nasita. Maana namjua tangu mdogo, kahama shule mara mbili, zote kwa sababu ya kukwaruzana na wenzake bwenini. Msafiri na mzururaji kwa mbali wanafanana, wote wako barabarani. Msafiri wa Fransisko ametumwa, mikono yake iko ndani ya mikono ya mtu, akiambiwa nenda anaenda na akiambiwa rudi anarudi, na huko aendako Fransisko mwenyewe alikwenda kwa wakoma ambao awali alishindwa hata kuwatazama, anasema alipokaa nao kile kilichokuwa kichungu kikageuka kuwa kitamu. Mzururaji anatumwa na hasira yake. Kama ukiumizwa kitu cha kwanza kinachokujia ni kufungasha, jiulize kama si karatasi ya altareni unayoihitaji. Na wewe mwingine ambaye unasema monasteri ndo kwangu maana napenda utulivu, chumba changu, kitabu changu, ratiba isiyobadilika, nawe jiulize kama si wewe unayehitaji kuvuliwa kila kitu mbele ya askofu.

Ila sitaki uichukue nadhiri kama dawa ya ugonjwa tu, itakuwa sijasema kweli. Kuna pia kile kinachokufurahisha. Wapo watu wakiisikia "mpaka kufa mahali hapa" moyo wao unatulia kama mtoto aliyebebwa, na wapo wakiisikia "bila kitu cha kwangu" wanapumua kama wametua mzigo. Hiyo furaha isikilize, ukiwa peke yako, zaidi ya mara moja, ikiwemo siku uliyoamka vibaya. Ikibaki, ina maana. Na usiogope kwamba utafungwa kesho, baada ya unovisi kuna nadhiri za muda zisizopungua miaka 3, na za daima huwezi kuziweka kabla hujatimiza miaka 21.

Kwa nyie mlio na ndoa na watoto kama mimi, milango yote miwili ipo. Mwoblati anaungana na monasteri moja maalumu, anasali kadiri anavyoweza sala za kule, mi nyumbani kwangu najifunza kudumu kwa kutokuondoka mezani tukigombana. Wafransisko wa Kisekulari, yani walei wanaomfuata Fransisko, wana Kanuni yao iliyopitishwa mwaka 1978 na wao wanakutana kijumuiya, wanatoka kwenye Injili kwenda kwenye maisha na kutoka kwenye maisha kurudi kwenye Injili. Wote wanatoa ahadi, hawaweki zile nadhiri za mtawa.

Tumekubaliana mpwa wangu aende kote kuwili. Kwa Ndugu Wadogo aombe siku moja atembee na yule anayezungukia wagonjwa, asikae na mratibu wa miito tu, na jioni aangalie wanavyogawana kilicholetwa. Kwa wamonaki akae wiki nzima bila simu kama wataruhusu, aamke na kengele ya kwanza, aombe kuosha vyombo na wazee, na aangalie ndugu wanavyomtendea yule ambaye ni wazi hawaelewani nae. Nimempa sweta langu maana kule anakoenda ni nyanda za juu na alfajiri kanisani baridi ni kali, na nauli ya kwenda na kurudi nimeshampa mama yake.